Mafuta ya Alizeti Kwenye Rili ya Mwalimu Gunda

Mwanangu Raheli,

Sikuulizi hali, maana nakusikia. Uko chumba cha pili unakunja nguo, unazikunjua, unazikunja tena, na zipu ya begi imekwama mara mbili. Mimi niko hapa kwenye meza ya kazi. Nimesogeza cherehani ya Mama Paulo pembeni, naandika kwenye daftari la wateja kwa sababu karatasi nyingine sina. Jua ndiyo kwanza linaingia nyuma ya mlima. Basi lako ni kesho alfajiri. Kwa hiyo nina jioni hii tu, na ninalotaka kukwambia limenishinda kwa mdomo siku tatu.

Sikuandikii habari za kula, wala za kuvaa, wala za kujihadhari na watu. Hayo unayajua, nimekulea mimi, na kazi yangu mimi hairudiwi. Nakuandikia habari ya rili ya kuvulia ya Mwalimu Gunda, ile iliyogoma siku ile ziwani Kitangiri, miaka minne sasa, mpaka uzi ukamkata mwalimu kidole. Umeishi ukiamini kwamba iligoma kwa sababu wewe uliifunga vibaya. Hukuifunga vibaya. Niliiharibu mimi, nikajua kwamba ni mimi, nikanyamaza.

Haya, nimeshaandika. Nimeandika kwa kalamu ya wino, haifutiki. Sasa nivumilie nikueleze, maana neno hilo peke yake halitoshi, na ukiishia hapo utaondoka na nusu.

Ningeweza kunyamaza mpaka kaburini, usidhani siwezi. Kilichonitoa ni ile simu yako ya wiki mbili zilizopita, ulipopigiwa na yule bwana mwenye boti za kuvulisha wageni kule Mafia. Uliweka simu kwenye spika, ukaketi hapa hapa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia napanga vyombo. Sikukusudia kusikiliza, lakini sahani zilinyamaza zenyewe mikononi mwangu.

"Mgeni wa kwanza," akakwambia, "hajawahi kushika fimbo ya kuvulia. Unampa rili gani?"

"Ya kitufe," ukajibu. "Ile yenye kofia. Anabonyeza, anarusha, anaachia. Haimwaibishi mbele ya wenzake."

"Na akishazoea?"

"Ya waya, ile yenye kiwaya kinachozungushia uzi kwenye bobini. Inarusha chambo chepesi mbali. Ila nitamkataza kuzungusha mkono wa rili wakati samaki anavuta, maana uzi utajisokota mpaka uwe kama nywele za mtu aliyetoka kulala."

Yule bwana akacheka. "Na huyu anayetaka nguru? Anayetaka kolekole?"

"Ya ngoma, ile ambayo bobini imelala kama pipa. Chambo kizito, samaki mzito. Lakini ya ngoma haimtaki mtu anayewaza mengine. Kidole gumba kikisinzia tu, bobini inazunguka haraka kuliko uzi unavyotoka, na unabaki na kiota cha ndege mkononi."

Raheli, nilitaka kutoka nyuma ya pazia nimwambie yule bwana, huyo ni wangu, na hayo maneno ya kiota cha ndege ni yangu, aliyapata kwenye meza hii. Nilikuwa nimevimba kifua mpaka kanga inabana. Ndipo akauliza swali la mwisho.

"Umewahi kuharibu chombo cha mteja?"

Nikajisemea moyoni, sema hapana, mwanangu, sema hapana tu.

"Ndiyo," ukasema. "Nilifunga rili ya ngoma vibaya. Mzee mmoja aliumia kidole. Mpaka leo hakikunjiki."

Halafu yule bwana akasema, kwa upole lakini akasema, "Nashukuru kwa ukweli wako. Basi utaanza na kuosha boti na kuwapikia wageni chai. Rili kubwa tutaona baada ya miezi sita." Nawe ukasema, "Sawa, bosi." Sawa. Mtoto ambaye angeweza kuifungua rili ya ngoma kwenye vumbi, amefumba macho, akairudisha bila skrubu kubaki, anakwenda kuchemsha chai kwa sababu ya uongo ambao si wake. Nami nilikuwa hatua tatu kutoka kwako, nimeshika sahani.

Sikutoka. Andika hilo nalo kwenye hesabu ya makosa yangu, kwamba siku ile nayo sikutoka.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Unajua kwamba nilianza na cherehani, lakini hujui vizuri nilivyofika kwenye rili, maana kila nikisimulia naongeza chumvi. Leo sitaongeza. Wewe ulikuwa darasa la pili. Alikuja hapa bwana mmoja wa mambo ya barabara, mpimaji, na gari lake la vumbi, akashusha kitu kimefungwa kwenye taulo.

"Mama, wewe si ndiye fundi cherehani?" akauliza.

"Kama una cherehani, ndiye. Kama huna, inategemea."

"Nina hii. Inakunja uzi wa kuvulia. Imejaa mchanga wa ziwani, haizunguki. Wamenambia mpaka Arusha."

"Ina bobini?"

"Inayo."

"Kama ina bobini, iweke hapo. Arusha ni mbali."

Nilikuwa sijawahi kuona rili maishani, Raheli. Watu wa huku tulikuwa tunavua kwa uzi uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, na bado tunavua hivyo. Lakini nilijua kwamba kitu chochote kilichofungwa na mtu kinafunguliwa na mtu. Nikachukua trei ya mayai. Skrubu ya kwanza shimo la kwanza, ya pili shimo la pili, na springi na washa, vile vipete bapa vya chuma, vivyo hivyo, kila kimoja kwa zamu yake. Wakati wa kurudisha unaanzia shimo la mwisho. Hiyo ndiyo elimu yangu yote baada ya darasa la saba, trei ya mayai, na haijawahi kuniangusha. Jioni rili ikazunguka kama siku iliyonunuliwa. Yule bwana akawaambia wenzake, na wenzake wakawaambia wenzao, mpaka wakawa wanakuja kutoka Kiomboi, kutoka Igunga, mmoja alitoka Nzega kwa pikipiki. Wakaniita Mwanamke wa Sekenke. Wachimbaji wa huku walikuwa wanafahamika kwa dhahabu, mimi nikafahamika kwa rili. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Na kama najisifu, basi.

Katika hizo zote, ile niliyoiheshimu ni ya ngoma. Ya waya ni kama binti mchangamfu, inakwenda na kila mtu, perege wadogo, upepo mdogo, mkono mwepesi. Ya kitufe ndiyo iliyoletwa hapa sana, na ndiyo nisiyoipenda. Uzi ukijisokota kwenye ya waya unauona, wewe na anayepita. Kwenye ya kitufe fundo linakaa ndani ya kofia. Nje inang'aa, na mgeni anaendelea kubonyeza, anashangaa kwa nini chambo hakiendi. Mimi nimekaa miaka minne namna hiyo, mwanangu. Kofia inang'aa.

Kuna yule aliyeleta rili ya chambo cha manyoya, unamkumbuka, ile nyembamba kama kopo la dawa ya viatu, haina kazi ila kutunza uzi, maana kurusha kote ni kwa fimbo na mkono. Nikamwambia, hii haina cha kuharibika. Akasema, ndiyo maana naipenda. Nilimcheka alipoondoka. Sasa simcheki.

Unaona, nazunguka. Nimeanza kukulinganishia rili kana kwamba wewe huzijui. Hebu niache.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, mvua zimechanganya. Mwalimu Gunda alileta rili yake ya ngoma, ile aliyojinunulia alipostaafu, anaibeba kama kitabu cha nyimbo. Haikuwa na ubaya. Alitaka isafishwe tu na kutiwa mafuta, na aliitaka Ijumaa kwa sababu Jumamosi wewe na yeye mlikuwa mwende ziwani. Nikaifungua, nikaipanga kwenye trei, nikaosha. Nikashika chupa ya mafuta ya cherehani, ikawa tupu. Dukani hakukuwa nayo. Fundi mwenye akili angesema, mwalimu, nipe mpaka Jumatatu. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema Ijumaa mbele ya watu, na Mama Raheli akisema Ijumaa ni Ijumaa.

Pale kwenye rafu kulikuwa na chupa ya mafuta ya alizeti, ya shamba la bibi yako Kinyangiri. Wewe unajua mimi na alizeti yetu. Nimekupaka mgongoni ukiwa mchanga. Nimelainishia bawaba za mlango huu, na mnyororo wa baiskeli ya baba yako. Akija mgeni kutoka mkoa mwingine nampa aonje kwenye kijiko kama dawa. Hata cherehani nilikuwa nimeshazitia mara mbili tatu, zikakimbia vizuri, kwa sababu cherehani inakanyagwa kila siku. Nikajisemea, mafuta ni mafuta, na haya yetu ni bora kuliko ya kopo. Wewe ulikuwa umekwenda kuteka maji. Nikatia. Nikatia kwenye ekseli ya bobini, na kwa ujinga wa kuzidisha wema nikatia na kwenye breki, zile washa bapa zinazobanana ili samaki akikimbia uzi utoke kwa kukatalia, lakini utoke. Uliporudi nikakwambia, "Raheli, kaza kifuniko." Ukakaza skrubu nne. Hiyo ndiyo kazi yako yote kwenye rili ile. Skrubu nne, na ulizikaza sawasawa.

Jumamosi ile hamkwenda. Mvua ikashika njia. Halafu likaja palizi, halafu mavuno, halafu mwalimu akaugua mgongo. Rili ikakaa ikining'inia ukutani kwake, chini ya bati, karibu na moshi wa jiko, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa sita. Cherehani ingekanyagwa. Rili haikuguswa. Na mafuta ya alizeti yakikaa bila kuguswa kwenye joto, Raheli, hayabaki mafuta. Nenda jikoni ukaangalie ukingo wa karai letu la maandazi, ile ngozi ya njano inayoshinda chuma cha kusugulia. Kila mwanamke wa Singida anaijua ngozi ile. Mimi naisugua tangu nina miaka saba. Na mimi ndiye niliyeipaka ndani ya breki ya mwalimu.

Ya ziwani uliyaona wewe, mimi niliambiwa. Kambare mkubwa alishika, akakimbia, na ngoma haikutoa hata shubiri. Fimbo ikapinda. Mwalimu akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma na fimbo yake angefanya, akaushika uzi kwa mkono ili auvute utoke, ukajizungusha kidoleni, na samaki bado anakimbia. Mlimrudisha kwa pikipiki mkono umefungwa kwa kanga yako. Usiku ule hukula.

Wiki ya pili akaja hapa, mkono na bendeji, rili chini ya kwapa. Wateja walikuwepo, yule mama wa sare za shule na vijana wawili wa mgodini. Hakuja kwa ugomvi. Mwalimu huwa haji kwa ugomvi, anakuja na swali.

"Mama Raheli, nielewesheni tu. Rili hii aliifunga nani?"

Mwanangu, ninapoandika hapa nimesimama, nimezunguka meza, nimekaa tena.

Nilikuwa nimeshaanza kuhisi. Si kujua, kuhisi, kama mtu anayesikia harufu lakini hataki kugeuka. Nikawaangalia wateja. Nikakuangalia wewe, umeshika trei. Nikasema, "Raheli ndiye aliyefunga."

Nawe ukasema, "Ndiyo, mwalimu, ni mimi."

Mmoja wa wale vijana akasema, "Dada, kwenye mgodi ungetufukia," na wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akakwambia, "Siku nyingine uwe makini, mwanangu." Ukainamisha kichwa. Ukaiweka trei chini taratibu, kama kitu kinachoweza kukuuma.

Unaona nilivyofanya. Sikusema uongo. Skrubu za kifuniko ulizikaza wewe kweli. Katika ukweli wote nilichagua kipande kinachonifaa mimi, nikakifunika nacho kingine. Nimegundua tangu siku ile kwamba mtu akinijibu swali nililouliza kwa usahihi mno, pasipo neno la ziada, naanza kuogopa.

Siku ile ile, ulipokwenda kwa mama mdogo, niliifungua peke yangu. Pua ilijua kabla ya macho. Harufu ya karai la zamani. Washa za breki zimeshikana zote kuwa kitu kimoja, rangi ya asali iliyoungua, mpaka nikazibandua kwa ncha ya kisu. Kipande kimoja nilikikwangua kwa ukucha. Nikaosha kwa mafuta ya taa, nikatia mafuta ya mashine ambayo sasa yalikuwepo, nikafunga, nikampelekea mwalimu nyumbani. "Imepona," nikamwambia. Na sokoni wakasema, "Mama Raheli ni fundi, karekebisha kosa la mtoto." Nikaitikia. Nilipata sifa ya kuponya ugonjwa niliouleta.

Halafu nikaona ulivyobadilika. Wewe ambaye ukiwa na miaka kumi na tano ulinisahihisha mbele ya mteja, ukaniambia, "Mama, springi hiyo umeigeuza," na ulikuwa sahihi, nikakuchukia mpaka jioni. Wewe huyo ukaanza kuniita kwa kila skrubu. "Mama, hebu angalia." "Mama, ipo sawa?" Unaifunga, unaifungua, unaifunga. Ziwani hukwenda mpaka mwaka ukapita. Ukienda kumvulisha mgeni, unampa fimbo halafu unasimama nyuma yake na wembe mkononi, unalinda kidole chake kama mlinzi wa benki.

Na hapa kuna jambo baya kuliko alizeti. Nilipenda. Nilipenda kuitwa. Nilipenda uniulize. Kwa miaka minne nilikuwa fundi ambaye hana anayemsahihisha. Mara kadhaa nilikaribia kukwambia, kisha ukaja na rili mkononi, "Mama, hebu angalia," nikasema moyoni, kesho.

Leo mchana uliponiuliza nimekwenda wapi na vitenge vya kanisani katikati ya wiki, nilikwambia nimekwenda kumwona mgonjwa. Nilikwenda kwa Mwalimu Gunda. Nilimkuta uani anachambua maharage, kile kidole kimenyooka peke yake kama kinaonyesha kitu.

Nikamsalimia, nikakaa, nikamwaga yote. Alizeti, breki, karai, siku ya swali lake. Hakuinua kichwa. Akaendelea kuchambua, mbovu huku, nzima huku. Nilipomaliza akasema, "Umemwambia mtoto?"

"Bado, mwalimu. Nimeanza na wewe, wewe ndiye uliyeumia."

"Umeanza na mimi kwa sababu mimi ndiye rahisi," akasema. "Mimi ni mzee, na kidole hiki tumeshazoeana. Umekuja nyumba ambayo siyo, Mama Raheli."

Nikasema, "Mwalimu, nilikuwa naona aibu."

"Aibu ipi? Ile ya mbele ya mwanamke wa sare na wahuni wawili wa mgodini?"

"Hiyo hiyo."

"Hata majina yao unayakumbuka?"

Siyakumbuki, Raheli. Nimekuuza kwa watu ambao siwakumbuki majina.

Nilidhani amemaliza, nikainuka. Akaniambia kaa. Akaniambia neno ambalo wewe hukuwahi kunisimulia. Kwamba siku ile, uzi ukiwa umeingia nyamani na samaki bado anavuta, wembe ulikuwa umeanguka majini, na wewe uliushika uzi kwa mikono miwili ukaukata kwa meno. "Midomo ilitoka damu," akasema, "nikadhani ni damu yangu imemrukia. Kama si mtoto wako hiki kidole kisingekuwa kigumu tu, kisingekuwepo kabisa. Nikakaa nikijiuliza, mtu mwenye akili ya haraka namna hii anasahau vipi kufunga skrubu? Swali hilo nimekaa nalo miaka minne. Sikulileta tena kwako kwa sababu nilikuogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Wewe huambiliki, mama. Wilaya nzima inajua."

Akasema jambo moja la mwisho. Kwamba yule bwana wa boti akimpigia, yeye atamweleza kila kitu kwa kinywa chake, kidole na alizeti na meno. Lakini hatapiga yeye, na amenikataza nisipige mimi. Amesema ni jambo lako, ulifungue wewe ukitaka na uliache ukitaka. Nimekuandikia namba ya mwalimu nyuma ya ukurasa huu, umpe yule bwana ukitaka. Mimi ningetaka umpigie hata sasa hivi. Lakini mimi nimeshaamua mengi juu yako pasipo kukuuliza.

Kuhusu chai, kama utaamua kuchemsha hiyo miezi sita, chemsha. Ila usichemshe kwa sababu unaamini mikono yako ina ubaya. Mikono yako haina ubaya. Mimi nimeiona ikifanya kazi tangu haijaweza kushika bisibisi, na mimi, pamoja na yote, macho ya fundi ninayo. Unanizidi. Ulinizidi tangu siku ya ile springi. Nimeandika hilo kwa wino pia, na nilivyo mimi unajua limenigharimu.

Bahari sijaiona, siwezi kukufundisha. Nasikia chumvi yake inakula rili kwa wiki moja kile ambacho ziwa letu linakula kwa mwaka. Utajua wewe cha kufanya. Jambo moja tu ambalo nina haki ya kulisema, kwa sababu nimelilipia. Siku utakapokosea, na utakosea, watu wakiwa wamesimama wanakuangalia, utaona kuna jibu fupi la kweli linalokuokoa wewe na kumwangusha aliye pembeni yako. Litakuja lenyewe mdomoni, tayari, limeoshwa. Mimi lilinijia kabla sijapumua. Sikwambii ufanye nini. Nakwambia tu kwamba linakuja haraka kuliko unavyodhani, na baada ya hapo linakaa.

Sasa nikueleze nilivyokuwa nimepanga barua hii. Nilipanga niitie kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, chini ya soksi, uikute ukiwa umeshapita Mkiwa, au mbali zaidi. Usome ukiwa kwenye kiti cha dirishani, ulie huko, ukasirike huko, na mimi nikuone tena ukiwa umeshapoa. Nilikuwa nimeshaikunja. Lakini nilipoikunja nikasikia sauti ya Mwalimu Gunda, ya kuchambua maharage, mbovu huku, nzima huku. Kukupa hasira mahali ambapo huwezi kunifikia, hiyo ni kofia ya rili tena. Kwa hiyo siitii kwenye begi. Nikimaliza mstari wa mwisho naisukuma chini ya mlango wako, usome wakati bado niko karibu na mkono wako.

Naogopa, Raheli. Sijawahi kukwambia neno hilo nalo. Naogopa kwamba kesho utapanda basi bila kugeuka, na utakuwa na haki. Naogopa zaidi kwamba utatoka chumbani sasa hivi ukasema, "Yameisha, mama," kwa haraka, kwa adabu, ili nisijisikie vibaya, kama ulivyosema "ni mimi, mwalimu" siku ile. Usinifanyie hivyo. Usinibebee hili nalo.

Zipu ya begi imenyamaza. Sijui umemaliza au umekaa tu kitandani. Nakwenda jikoni, nitakaa kwenye kigoda, na chakula cha njiani nitakifunga polepole. Baba yako nimemwambia asiingie. Ukija, njoo ulivyo. Na usianze na shikamoo, mwanangu, usiku huu siidai. Anza na lile unalotaka kuniambia.

Mama yako, fundi,
aliyekosea.